Maonyesho na Mihadhara ya Bure katika Maktaba za Utafiti wa Fasihi: Namna ya Kurudisha Maandishi ya Kiswahili kwa Wenyewe

1.0 Utangulizi

Maktaba ya utafiti wa fasihi hufikiriwa na watu wengi kuwa ni mahali pa wachache. Mlangoni huketi bawabu anayedai kitambulisho. Ndani mna kimya, na vitabu vyenye thamani zaidi havionekani kwani vimefungiwa katika chumba ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakijui. Kwa mtazamo huo, maonyesho ya bure na mihadhara ya hadhara huonekana kama sadaka: wasomi wanawagawia wananchi makombo ya karamu yao.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo si sahihi, hasa pale ambapo maandishi yanayohifadhiwa ni ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo haisomeki kikamilifu bila sauti na ujuzi wa watu walio nje ya maktaba. Kwa hiyo maktaba inayofungua milango yake haitoi tu, bali pia inapokea. Ili kuifafanua hoja hiyo, makala itaeleza kwanza jinsi miswada ya Kiswahili ilivyosafiri mbali na wenyewe. Kisha itatazama mifano michache ya maktaba na makumbusho yaliyofungua milango, halafu ieleze kanuni za kuandaa maonyesho. Mwishoni itajadili jinsi kanuni hizo zinavyoweza kutumika katika mji mdogo kama Sange, katika uwanda wa Ruzizi, Kivu ya Kusini.

2.0 Safari ya Miswada

Maandishi ya Kiswahili yana umri mkubwa kuliko wanavyodhani wanafunzi wengi. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za Goa, nchini India, kwa sababu zilipelekwa kwa Wareno. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani, hutajwa kuwa wa mwaka 1728, na nakala yake mashuhuri iko Hamburg, Ujerumani. Hivyo basi, mtu anayetaka kuona kwa macho yake baadhi ya maandishi ya zamani kabisa ya lugha hii hana budi kuvuka bahari.

Mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa unaeleza vizuri jinsi safari hizo zilivyotokea. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa katika vinywa vya watu wa Mombasa kwa miaka mingi. Mwalimu Sikujua, mtu wa mji huo huo, aliyakusanya na kuyaandika, akashirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika chuo kinachojulikana kama SOAS. Hatimaye William Hichens akayatoa mashairi hayo katika kitabu kilichochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kwa hiyo maneno yaliyozaliwa katika viwanja vya Mombasa yalipita London na Afrika ya Kusini kabla ya kurudi Mombasa yakiwa kitabu cha kununua. Mkusanyaji na mtunzi wote walikuwa wenyeji. Lakini karatasi zenyewe zilibaki ugenini.

Hali kadhalika Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwandishi mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa pia mchongaji na mwanamuziki, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi. Miongoni mwao walikuwemo Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Bila mkono wake tendi kadhaa pengine zingepotea. Lakini kwa mkono huo huo ziliondoka Lamu.

Si miswada yote iliyosafiri hivyo. Katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka pwani ya Afrika ya Mashariki akikusanya na kunakili miswada pamoja na kurekodi sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha ya mkusanyo huo ilichapishwa mwaka 1970. Jambo la kuzingatia katika orodha hiyo ni kwamba inataja miswada na kanda za sauti kwa pamoja. Allen alitambua kwamba karatasi peke yake ni nusu ya utenzi, na nusu ya pili ni sauti ya anayeughani.

3.0 Kiswahili cha Kongo na Nyaraka Zake

Katika Kongo safari hiyo ilikuwa na sura yake. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili cha Kongo ni lugha ya mdomo tu, kwamba ni lugha ya soko na ya kambi, na kwamba haina maandishi. Kauli hiyo haina ukweli.

Katika nyaraka za Ubelgiji mna barua na hati nyingine za Kiarabu na za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa katika Kongo kati ya mwaka 1880 na 1899, wakati wafanyabiashara wa kutoka pwani walipokuwa na makao yao Nyangwe, Kasongo na kwingineko. Mtaalamu Xavier Luffin amezichapisha na kuzifafanua katika kitabu kilichotoka mwaka 2020. Aidha, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye jina lake linahusiana na sura ya huzuni sana katika historia ya mashariki ya Kongo, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Masimulizi hayo ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiswahili ya aina ya wasifu wa nafsi, na sehemu kubwa ya matukio yake ni ya ardhi ya Kongo. Msomaji wa Maniema au wa Kivu anayo haki ya kuyasoma kwa jicho la wale waliotekwa na kuuzwa, si kwa jicho la msimulizi peke yake.

Katika karne ya ishirini maandishi yaliongezeka. Mwaka 1965 André Yav aliandika kijitabu kilichopigwa kwa taipu, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, ambacho licha ya jina lake la Kifaransa ni historia ya mji wa Lubumbashi iliyoelezwa kwa Kiswahili na kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Johannes Fabian alikitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye, mnamo mwaka 1973 na 1974, alimchorea Fabian historia ya nchi nzima katika picha zipatazo mia moja, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili cha Shaba. Picha hizo ziko Amsterdam. Vilevile michezo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi ilirekodiwa na kuchapishwa na Walter Schicho na wenzake mwaka 1981.

Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili cha Kongo kina nyaraka. Kinachokosekana ni mahali ambapo mwananchi wa Bukavu, Uvira au Sange anaweza kuingia bila malipo, akaziona, akazisikia na akasema neno juu yake.

4.0 Kwa Nini Maandishi Haya Yanahitaji Hadhira

Hoja ya kwamba maktaba inawahitaji wageni wake inaweza kuthibitishwa kwa sababu za kiisimu.

Hati za Kiarabu, jinsi zilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani, hazikuwa na herufi za pekee kwa kila sauti ya Kiswahili. Herufi ba iliweza kusimama mahali pa b, p au mb. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa kwa ba na ta laweza kusomwa bata, pata au mbata. Vilevile alama za irabu ni tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. I na e huandikwa kwa alama moja, na u na o kwa alama moja. Kutokana na hayo, tope na tupe huweza kuwa na sura ile ile kwenye karatasi. Mwandishi hakuliona hilo kuwa kasoro. Alimwandikia msomaji ambaye tayari aliujua utenzi, au aliyeweza kuamua kwa kufuata mizani na vina. Mtafiti asiye na masikio hayo hubahatisha.

Maandishi ya Kongo kwa hati za Kirumi yana tatizo linalofanana na hilo. Yav hakufuata tahajia sanifu. Maneno yake yameungana mahali pasipotarajiwa na kutengana mahali pengine, na alama za vituo ni chache. Fabian alipotaka kukielewa kijitabu hicho alimwomba msemaji wa Kiswahili cha Shaba akisome kwa sauti, akamrekodi, na kutokana na sauti hiyo maana ikajitokeza. Yaani profesa alihitaji msomaji wa mtaani ili nyaraka aliyokuwa nayo mkononi ifunguke.

Ikiwa hali ni hiyo, maonyesho ya bure si pambo la maktaba. Ni sehemu ya kazi ya utafiti. Mzee anayesimama mbele ya barua na kusema kwamba jina fulani ni la kijiji fulani, au mama anayetambua neno la ushonaji ambalo kamusi hailitaji, anaongeza elimu ambayo haipatikani katika rafu.

5.0 Mifano ya Milango Iliyofunguliwa

5.1 Harlem

Mfano mashuhuri unatoka Marekani. Mwaka 1925 tawi la maktaba ya umma ya New York lililoko mtaa wa 135, Harlem, lilifungua kitengo cha fasihi na historia ya watu weusi. Mwaka uliofuata maktaba ilinunua mkusanyo wa Arthur Schomburg, mtu mwenye asili ya Puerto Rico aliyekuwa amekusanya vitabu, miswada na michoro kwa miaka mingi. Schomburg mwenyewe aliusimamia mkusanyo huo kuanzia 1932 hadi alipofariki mwaka 1938. Leo kituo hicho kinaitwa kwa jina lake. Ni maktaba ya utafiti kamili, lakini maonyesho yake hutazamwa bila malipo, na wakazi wa mtaa huingia humo kusikiliza mihadhara na mashairi. Majivu ya mshairi Langston Hughes yamewekwa chini ya sakafu ya ukumbi wake. Jambo linalofundisha hapa ni mahali: hazina iliwekwa katikati ya mtaa wa watu inaowahusu, na haikupelekwa mbali nao kwa kisingizio cha usalama.

5.2 Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar

Nairobi inatoa fundisho la upande mwingine. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika hawakuruhusiwa kuingia mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Uhuru ulifungua mlango, lakini jengo lilichakaa. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilianza kazi ya kulihuisha jengo hilo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa, nayo yakawa mahali pa kusoma na pa mikutano ya sanaa. Hivyo kazi ilianza katika mitaa ya watu wa kawaida, kisha ikaelekea katikati ya mji.

Dar es Salaam ina mkusanyo wa Allen uliokwisha tajwa, pamoja na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambayo chimbuko lake ni Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964. Mwaka 2018 Chuo Kikuu hicho kilipata jengo jipya la maktaba lenye uwezo wa kuchukua vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2009 Kigoda cha Mwalimu Nyerere kimekuwa kikiandaa mihadhara chuoni hapo, na wasio wanafunzi wameweza kuihudhuria. Nako Zanzibar, Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zina mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Kwa upande wa kalenda, UNESCO ilitangaza mwezi Novemba 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mwezi huo huo wa Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku hiyo inaweza kuzipa maktaba nafasi ya kutoa hazina zao nje, badala ya kuishia katika hotuba.

5.3 Lubumbashi

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya Kivu ni wa Lubumbashi. Mnamo mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao, wakiwemo Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, walianzisha mradi wa kumbukumbu za mji huo. Wakazi waliombwa watoe vitu vyao vya nyumbani, picha na masimulizi, na maonyesho yakafanyika katika makumbusho ya mji. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichohaririwa na Violaine Sizaire mwaka 2001, kilipewa jina la Kiswahili: Ukumbusho. Hapa mwananchi hakuwa mtazamaji tu. Kile alichokitazama kilikuwa chake, na maelezo yake yalikuwa sehemu ya maonyesho.

6.0 Kanuni za Kuandaa Maonyesho ya Maandishi

Maonyesho ya maandishi ni magumu kuliko ya vinyago, kwa sababu mbili: karatasi huharibika upesi, na maandishi hayaeleweki kwa kuyatazama tu. Kanuni zifuatazo zinatokana na sababu hizo.

(i) Hifadhi kwanza. Mwanga hudhuru karatasi na wino, na madhara yake hujilimbikiza. Kuuzima mwanga baadaye hakurudishi kilichopotea. Ndiyo maana makumbusho mengi huweka mwanga hafifu, kiasi cha luksi 50, juu ya miswada, na hugeuza kurasa au kubadilisha vitu baada ya muda. Unyevu huleta kuvu, na joto pamoja na unyevu hukaribisha wadudu. Mahali pasipo na vifaa vya kudhibiti hayo, msimamizi asione haya kuonyesha nakala badala ya asilia. Nakala nzuri iliyokuzwa husomeka na watu kumi kwa pamoja, ilhali asilia iliyo katika kasha la kioo husomwa na mmoja mmoja.

(ii) Maelezo ya ngazi tatu. Kila andishi liwe na sura yake ya asili, unukuzi wake kwa hati za Kirumi, na ufafanuzi mfupi. Ufafanuzi ueleze nani aliandika, kwa nani, lini, na jinsi andishi lilivyofika pale lilipo. Jambo hili la mwisho husahauliwa mara kwa mara, au huachwa kwa makusudi. Barua iliyotwaliwa vitani si sawa na barua iliyonunuliwa, na mtazamaji anastahili kujua tofauti hiyo.

(iii) Sauti. Utenzi usionyeshwe bila kughaniwa. Pasipo na malenga, kanda itatosha. Pasipo na kanda, msomaji mzuri wa darasani ataanza, na bila shaka atajitokeza mtu wa kumsahihisha. Kusahihishwa huko ndiko kunakotafutwa.

(iv) Daftari la wageni. Lisiwe la sifa tu. Liwe na sehemu ya masahihisho: jina lililosomwa vibaya, mahali palipokosewa, neno lenye maana nyingine. Baada ya maonyesho, daftari hilo liingizwe katika orodha ya maktaba pamoja na andishi linalohusika, na aliyetoa habari atajwe iwapo ameridhia.

(v) Ridhaa. Si kila kilichoandikwa ni cha kuonyeshwa. Miswada ya uganga, barua za siri za ukoo na masimulizi ya watu walioteswa yana wenyewe. Mtu aliyekubali kurekodiwa na mtafiti mmoja chumbani hakukubali kwa kufanya hivyo sauti yake isikike uwanjani.

7.0 Maana ya Neno "Bure"

Waandaaji hudhani kwamba wakiondoa kiingilio wamekwisha fungua mlango. Kwa hakika kiingilio ni kizuizi kidogo kuliko vyote. Mtu wa Sange anayetaka kuhudhuria mhadhara Bukavu atalipa nauli ya kwenda na kurudi, ataacha shamba au meza yake ya sokoni, na pengine atalazimika kulala mjini. Mhadhara wa saa nne asubuhi siku ya kazi ni wa bure kwa mwenye mshahara tu. Bawabu anayeuliza "Unatafuta nani?" ametoza kiingilio ambacho hakikuandikwa popote.

Kizuizi kikubwa zaidi ni lugha. Elimu ya juu ya Kongo hutolewa kwa Kifaransa, ingawa Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Maelezo ya Kifaransa peke yake kando ya andishi la Kiswahili humfanya mwenye lugha kuwa mgeni mbele ya lugha yake.

Hata hivyo, kubadili Kifaransa kuwa Kiswahili sanifu hakumalizi tatizo. Msemaji wa Kivu anayesema batu banakuya anaelewa watu wanakuja, lakini amefundishwa kwa miaka mingi kwamba usemi wake ni makosa, kwamba Kiswahili cha kweli kiko Zanzibar. Akiingia katika maonyesho ya tendi za Lamu peke yake, hutoka akiwa amethibitishiwa unyonge huo. Akiukuta utenzi wa Lamu ukiwa kando ya ukurasa wa Yav, na wote wawili umewekewa maelezo kwa heshima ile ile, huona kwamba lugha hii ina nyumba nyingi na kwamba yake ni mojawapo. Kiamu na Kimvita navyo ni lahaja. Muyaka hakutunga kwa Kiswahili sanifu, kwani kilikuwa bado hakijasanifiwa. Hoja hii rahisi, ikionyeshwa kwa macho ukutani, hufanya kazi ambayo mihadhara kumi darasani imeshindwa kuifanya.

8.0 Sange: Maktaba Isiyo na Jengo

Sange ni mji mdogo katika wilaya ya Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi kuelekea Uvira. Wakazi wake hutumia Kifuliiru na lugha nyinginezo nyumbani, na sokoni hukutana katika Kiswahili. Nje ya nchi mji huu ulijulikana zaidi kutokana na msiba wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto, na watu zaidi ya 230 wakapoteza maisha.

Je, kanuni zilizotajwa zinaweza kutumika mahali kama hapa? Jibu ni ndiyo, kwa kuwa nyingi hazihitaji jengo. Maonyesho ya nakala yaweza kuingia katika sanduku moja la mbao: karatasi ishirini zilizokuzwa, kamba na vibanio vya kuzitundikia, kinasa sauti, spika ndogo na daftari. Chumba cha darasa kinatosha baada ya masomo, au siku ya soko. Karatasi zichaguliwe kwa kupishanisha pwani na Kongo: ukurasa wa utenzi wa kale, barua ya Maniema, ukurasa wa Yav, mazungumzo ya mchezo wa Mufwankolo. Wanafunzi wa lugha wa Bukavu na Uvira wawe wasomaji, na wazee wa mji wawe wasahihishaji. Sanduku lile lile laweza kwenda Luvungi juma linalofuata.

Faida ya pili ya sanduku ni usalama. Mwezi Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu, na uwanda wa Ruzizi nao haukuepuka vita. Maktaba yenye nakala moja mahali pamoja huweza kupotea kwa siku moja. Nakala zikiwa katika shule tatu, parokia mbili na nyumba za walimu, moto mmoja au uporaji mmoja hauwezi kuzimaliza zote. Hapa kuonyesha na kuhifadhi si mambo yanayopingana: kilichoonwa, kikanakiliwa na kukaririwa na wengi ni kigumu kupotea.

Lakini pana jambo linalohitaji uangalifu mkubwa. Sanduku likifika Sange, watu hawatatazama tu, watasimulia. Na wakisimulia, haitachukua muda mrefu kabla ya mwaka 2010 na miaka ya vita kutajwa. Mtafiti kijana aweza kuona hapo nafasi nzuri ya kujaza kanda zake. Kanuni ya ridhaa ndipo inapopata maana yake kamili. Masimulizi ya msiba yasikusanywe katika ziara ya kwanza, wala yasionyeshwe mji mwingine bila idhini ya waliofiwa. Iwapo wenyewe watataka majina ya marehemu wao yaandikwe kwa mwandiko mzuri na kuwekwa mahali pa kuonekana, kazi hiyo itakuwa ya maktaba kwa maana yake halisi. Iwapo hawatataka, sanduku litaondoka kama lilivyokuja, na hilo nalo lihesabiwe kuwa ni kazi iliyofanywa vyema.

9.0 Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya miswada ya Kiswahili inaonyesha upande wa pili wa methali hiyo: mali yaweza kuwa na daftari, ikahesabiwa na kuorodheshwa kwa uangalifu mkubwa, na bado wenye mali wasipate habari zake. Goa, Hamburg, London, Amsterdam na maktaba za Ubelgiji zimehifadhi vizuri. Wala haifai kulibeza hilo. Lakini hifadhi ni nusu ya wajibu wa maktaba ya utafiti, na nusu iliyobaki ni kuyafikisha maandishi mahali yanapoweza kusomwa kwa sauti na watu wanaoyaelewa.

Makala hii imejaribu kueleza kwamba nusu hiyo ya pili haihitaji fedha nyingi. Inahitaji nakala nzuri, maelezo ya kweli katika lugha ya mtazamaji, saa inayomfaa mtu wa kazi, na mtafiti aliye tayari kusahihishwa mbele ya watu. Kwa idara za Kiswahili za Kivu, mahali pa kuanzia ni pa wazi: zianze na nakala za maandishi ya Kongo yaliyokwisha chapishwa, na zichague tarehe 7 Julai moja ambayo, badala ya kuwaita wananchi waje ukumbini Bukavu, sanduku ndilo litakalopanda gari kuwafuata.